Sidiria ya Waya

Mama Awino,

Leo asubuhi mlango wa mashine ya ukaguzi, pale uwanja wa ndege Kisumu, umelia nilipopita. Umelia kwa nguvu, kama siku zile zetu, mpaka mzee mmoja aliyekuwa nyuma yangu na mkanda wake mkononi akarudi nyuma akidhani ni yeye. Nilisimama pale pale, miguu mitupu kwenye sakafu yenu ya baridi, nikingoja sauti yako iniite binti wa ndege kwa Kijaluo: "Nyar Ndege, leo umebeba sufuria gani huko ndani?"

Sauti haikuja. Nilijua haitakuja. Lakini mtu anaweza kujua kitu na bado akakingoja. Wewe mwenyewe umeona watu wangapi wakipekua mabegi yao kutafuta simu ambayo wameishika mkononi?

Barua hii nimeianza kwenye mfuko wa kutapikia. Usikasirike. Ni safi, haujatumika, na ndiyo karatasi pekee iliyokuwa karibu abiria waliposhuka tukabaki tunangoja mafuta. Nitaendelea nyumbani kwenye karatasi ya heshima. Ila mwanzo wake nitauacha hivyo hivyo, ujue ni mimi, mhudumu wako wa ndege, bado nafanya mambo kwa haraka na bila adabu.

Wacha nianze na habari za kazini kwako, maana najua ndizo ungeuliza kwanza, kabla hata ya kuuliza wanangu.

Mashine ya mizigo bado ni ile. Bwana Ouko bado anakaa mbele ya kioo chake, anatazama matumbo ya mabegi ya watu na kutoa maoni ambayo hakuna aliyeomba. Juzi alimwambia rubani wetu mbele ya foleni nzima, "Kapteni, hii mswaki imezeeka sana, nunua ingine." Benchi uliyokuwa unaiomba, ile ya watu kukaa wakivaa viatu, haijaja. Bado tunasimama kwa mguu mmoja kama korongo. Uliiomba hiyo benchi hadi ikawa kichekesho chenu. Nilidhani ukifa wataileta, hata kwa aibu tu. Wapi. Pale ulipotaka iwekwe wameweka chungu cha maua ya plastiki.

Na sisi bado ni wale wale. Tunavua viatu Kisumu alfajiri, tunavua Nairobi, tukirudi tunavua tena, mpaka nikifika kwangu nikivua viatu sebuleni mikono inapanda juu yenyewe. Bado mtu akitoka nje ya ule mlango wa kioo kwenda chooni lazima apite upya: mkanda, saa, viatu, begi. Abiria wako ndani ya ndege wanatazama saa zao, na jioni inaandikwa kwamba ndege ilichelewa kwa sababu ya wahudumu. Wiki iliyopita walinichukulia sindano ya kushonea kifungo. Sindano, mama! Na mimi ndiye nikishaingia ndani ninakabidhiwa watu wote wale, niwafunge mikanda, niwape chai ya moto, na moto ukiwaka niwatoe. Kwenye foleni kuna watoto wananitazama begi langu likipekuliwa, wanawauliza mama zao, "Huyu amefanya nini?"

Unakumbuka rubani yule mrefu, yule wa sauti ya redio, siku ulipomtoa mkasi wa kucha mfukoni? Alikuuliza kwa hasira mbele ya watu, "Mimi nikitaka kuiangusha hii ndege, nahitaji mkasi wa kucha?" Wewe uliuweka mkasi kwenye ndoo, polepole, kama mtu anayeweka yai, ukamwambia, "Kapteni, moyo yako sina mashine yake. Niko na ya mfuko tu. Sasa toa mshipi."

Siku hiyo nilikuwa upande wake. Nilikuwa upande wa kila mtu aliyegombana na wewe. Tulikuwa na jina la kukuita ndani ya ndege, ambalo sitaliandika hapa kwa sababu sasa uko mahali ambapo huenda unasoma.

Chanzo cha ugomvi wetu unakijua: sidiria. Kampuni ilituambia kwa upole wanawake tuvae zisizo na waya, maana kila asubuhi mlango unalia, tunavutwa pembeni, muda unakwenda. Wenzangu wote wakakubali. Mimi nikakataa. Nilikuwa nimeshazaa watatu, nimeshapita arobaini, na kusema kweli bila ule waya sare yangu ilionekana kama imevaliwa na mtu anayeokota kitu sakafuni. Nikasema heri nipapaswe kuliko nilegee. Basi kila asubuhi mlango ukilia ulikuwa unaita kwa sauti hata kabla hujageuka, "Mama wa waya amefika. Kuja hapa."

Na mikono yako! Wenzako walipapasa kwa mgongo wa kiganja, haraka haraka, kama mgeni anayefuta vumbi kwenye kochi la wenyewe. Wewe ulibonyeza. Ulibonyeza kama mtu anayechagua maparachichi pale soko la Kibuye na anajua mwenye kibanda ni mwongo. Nililalamika kwa Bwana Ouko. Nililalamika kwa mkubwa wenu. Nililalamika kwa dereva anayetutoa Milimani kwenye nyumba ya wageni tunakolala. Nilimlalamikia hata Baba Steve, mume wangu, akacheka akasema, "Huyo mama anakujua kuliko mimi." Alikuwa anatania tu, maskini.

Halafu ikaja ile asubuhi. Ulibonyeza chini ya kwapa la kushoto, mkono wako ukasimama. Nikakuambia, kwa ile sauti yangu ya chai au kahawa, "Hayo ni mafuta yangu mama, nimeyagharimia." Hukucheka. Ulirudisha vidole pale pale. Kisha ukanishika kiwiko ukanipeleka nyuma ya pazia, ukaniambia kwa sauti ambayo sikujua unayo, "Hii si mafuta. Hii imekaa kama mbegu ya ndimu. Ukitoka kwa hii ndege uende hospitali. Usiniambie kesho."

Nilikusema moyoni njia nzima hadi Nairobi. Nilikwenda hospitali kwa hasira, ili nipate karatasi ya kukuonyesha kwamba wewe ni askari wa mlangoni na mwili wangu uuache. Karatasi niliyopewa haikusema hivyo.

Yaliyofuata unayajua. Wakakata, wakanitia dawa, nywele zikaniaga. Daktari alisema imewahiwa. Alisema pia, akiangalia dirishani, kwamba ikirudi itakuwa habari nyingine. Niliporudi kazini nilikuambia yote mawili, nawe ukanijibu, "Basi tutaizuia hapa hapa mlangoni," kana kwamba ni abiria amekuja bila kitambulisho.

Siku yangu ya kwanza kurudi, unaikumbuka? Nilikuwa nimevaa sidiria laini isiyo na waya, maana kovu halikutaka utani, na kichwani nilikuwa na nywele za kununua. Nilikuwa nimejiambia leo nitapita kimya kama malaika. Mlango ukapiga kelele. Vile vibanio vya wigi! Rubani kijana nyuma yangu akavuta pumzi ya mtu aliyechelewa. Ukanipeleka nyuma ya pazia, ukaitoa wigi kwa mikono miwili, ukaikagua ndani na nje kama kanuni inavyotaka, hukuruka hatua hata moja. Mimi nimesimama pale kichwa kitupu kama yai, nikitazama ukuta. Kisha ukanivika tena. Ulinivika vizuri kuliko nilivyokuwa nimevaa nyumbani, ukavuta ukingo wa mbele, ukalaza nywele nyuma ya masikio. Ndipo ukasema, "Hii ulinunua wapi? Walikuibia." Nilicheka mpaka machozi yakaharibu wanja, nikahudumia abiria wote siku ile nikiwa na macho ya bundi.

Nywele ziliota. Wigi nikaitupa. Sikuwa na waya wala kibanio, mlango ukanyamaza kabisa. Nikadhani sasa mimi na wewe basi. Safari ya kwanza nilipopita kimya, nikaokota viatu vyangu, nikasikia, "Wewe. Kuja. Leo umechaguliwa."

Nikachaguliwa na safari iliyofuata. Na iliyofuata. Watu hukaguliwa kwa bahati nasibu, ndivyo mlivyotuambia, na bahati yangu ikawa ya ajabu sana. Nyuma ya pazia ulibonyeza pale pale, kushoto, kisha ukazunguka, kisha ukarudi. Hukusema unatafuta nini na mimi sikuuliza. Ukimaliza ulinipiga begani, ukasema, "Uko sawa. Nenda upeleke watu." Rubani kijana alikasirika kwa niaba yangu, akataka kuandika malalamiko kwamba askari mmoja pale Kisumu ananionea. Nilimwomba aache. Akaniuliza kwa nini ninakubali kudhalilishwa. Ningemjibu nini, Mama Awino? Kwamba nikisikia "uko sawa" yako ndipo ninapumua mpaka safari ya kurudi?

Wewe uligusa wanawake wa kila namna. Wake za wakubwa na mabegi yao ya ngozi, wasichana wa chuo kutoka Maseno wanaopanda ndege mara ya kwanza, mabibi wanaopelekwa Nairobi kuona wajukuu na wamefunga samaki kwenye magazeti. Mimi sijui nani alikuwa anakugusa wewe.

Miguu yako niliiona, hilo siwezi kukataa. Mtu anayeinama kufungua viatu kila asubuhi anajua miguu ya askari wote. Yako ilikuwa inavimba, viatu vinaikata juu. Nilikuletea zile soksi zetu za kubana za wahudumu, ukazivaa ukasema zinakukaba kama mkwe. Nilikuambia uende ukapimwe, kwa maneno yako mwenyewe nilikuambia, "Usiniambie kesho." Ukaenda. Angalau ulikwenda, nashukuru. Walikupa vidonge na wakakuambia usisimame sana. Uliponisimulia ulicheka hadi Bwana Ouko akageuka. "Nisisimame," ukasema. "Nitawapekua nikiwa nimelala?"

Bwana Ouko ndiye aliyeniambia. Nilifika alfajiri na wenzangu, begi likaingia kwenye mashine, mkanda wa mizigo ukasimama likabaki humo ndani, hakuna aliyeuwasha tena. Alikuwa amekaa anatazama kioo na kioo hakina kitu. Akasema, "Jana alikaa chini." Sikuelewa. Akasema tena, "Mama Awino. Alikaa chini kwa ile ngazi. Wewe umewahi kuona yeye akikaa?"

Sijawahi.

Nilikuja kukuzika kwenu, Luanda Kotieno. Watu wako walikuwa wengi kweli, hema halikutosha, na upande wa ziwa feri ya Mbita ilikuwa inapiga honi watu wakiendelea kusali. Wenzako walikuja na sare, wamesimama mistari miwili pale getini kupokea wageni. Mimi nilikuwa nimevaa gauni langu zuri na viatu vya visigino, kichwa kimejaa mawazo. Nikafika getini, nikaona sare, nikasimama. Nikavua viatu. Nikaviweka pembeni kimoja kimoja, nikatoa saa, nikainua mikono.

Hakuna aliyecheka. Heri wangecheka. Yule msichana wenu mfupi wa zamu ya jioni alinitazama, akainama akaviokota viatu vyangu akanipa. Bwana Ouko akasema kwa sauti ndogo, "Pita, Nyar Ndege." Nikapita na viatu mkononi mpaka kwenye jeneza. Binti yako Awino alidhani ni heshima ya kwetu, ya watu wa ndege, na mimi sikumsahihisha. Mikono yako walikuwa wameipanga kifuani kwako, vidole vimefungana, nikaona kucha zako fupi. Nikataka nimvue glavu mtu yeyote aliyekuwa hapo niivalishe mikono hiyo, sijui kwa nini. Huzuni ina ujinga wake.

Sasa nisikilize, hapa ndipo nilipokuwa nakuja.

Mahali pako wamemweka Zuhura, binti wa mjini, mpole, Kiswahili chake kimenyooka hata mimi nikijibu naona aibu. Ananiita "mama", na si vile nilivyokuita wewe. Ni ule umama wa mtu anayepishwa kwenye foleni. Ana kile kijiti kinachopitishwa juu ya nguo. Kikilia, anapitisha tena, anajua ni nini, basi. Kugusa ni mpaka iwe lazima. Hakuna anayesogezwa nyuma ya pazia kwa sababu ya waya. Foleni inaenda, ndege inaondoka kwa saa yake, rubani kijana anapiga mluzi. Mama Awino, tumepewa karibu kila kitu tulichokilalamikia miaka yote ile. Mimi nimekuwa ninapita pale kama upepo, kimya, na hakuna anayenichagua tena.

Kisha juzi, nikioga kule Milimani, mkono wangu ukasimama.

Ni pale pale. Juu kidogo ya kovu. Nilibonyeza kama wewe, nikazunguka, nikarudi. Nikajiambia ni kovu lenyewe linajikunja. Nikajiambia ni mafuta, nimeyagharimia. Nilijifuta, nikavaa, nikachora wanja, nikaenda kunywa chai na wenzangu, tukasema habari za mvua. Baba Steve sijamwambia. Ana presha, na yeye akipewa habari mbaya huanza kutengeneza vitu vya nyumbani. Mara ile alifungua friji yote vipande vipande tukanywa maziwa ya moto mwezi mzima. Kampuni sijaiambia. Wakijua wataniweka chini, nisiruke tena, siku hiyo hiyo, na mara hii hawatanirudisha, si kwa umri huu na karatasi hizi. Daktari simwogopi kwa kisu chake. Naogopa atatazama tena dirishani.

Nilitaka mtu mmoja tu aniambie kabla yao. Mtu wa mlangoni.

Ndiyo nikarudi nyumbani nikaitafuta ile sidiria. Ilikuwa chini kabisa ya kabati, bado nyeusi, waya mmoja umeanza kuchungulia. Nimeivaa leo alfajiri. Inauma, sikufichi, ule waya unakaa juu ya kovu sawasawa kama umeelekezwa. Dada zangu wa kazini wameniuliza mbona natembea nimenyooka hivyo. Nikawaambia ni mazoezi ya viungo. Wamecheka, wanajua mazoezi yangu ni kufungua mlango wa oveni.

Mlango umelia. Hapo ndipo nilipoanzia barua hii. Zuhura amekuja na kijiti chake, akakipitisha kifuani, kikalia, akatabasamu. "Ni waya wa sidiria tu, mama. Pita."

Sikupita. Nikamwambia, "Nikague vizuri."

"Nimekukagua, mama."

"Kwa mkono."

Nyuma yangu rubani akasema, "Jamani, twende." Zuhura akanitazama kwa wasiwasi, nadhani alifikiri namtega, kwamba nimetumwa na wakubwa kumpima. Mimi, ambaye nimepiga kelele pale miaka yote kwamba sisi si wahalifu, tuacheni tupite, nimesimama na mikono juu naomba kupekuliwa na siishushi. Nimejiona kwenye kile kioo cha ukutani. Mama mzima, sare, soksi, mikono hewani.

Bwana Ouko akasimamisha mkanda wa mizigo. Hakunitazama. Akamwambia Zuhura, kwa upole kabisa, "Mpapase. Fanya vile Mama Awino alikuwa anafanya."

Zuhura hakukujua wewe. Alivaa glavu, akanipeleka nyuma ya pazia, akafanya kama alivyofundishwa, kwa mgongo wa kiganja, kwa haraka na kwa adabu. Mikono yake ni myepesi. Imepita kulia, imepita mgongoni, imepita chini ya kwapa la kushoto. Imepita juu yake, Mama Awino. Haikusimama.

"Hakuna kitu, mama," akasema. "Uko sawa. Pita."

Maneno yako yale yale, uko sawa. Nikamshukuru. Ni mtoto mzuri, usimlaumu, amefanya kazi yake na kazi yake ni kutafuta visu. Nimevaa viatu kwa mguu mmoja karibu na yale maua ya plastiki, nimeingia ndani ya ndege, abiria wamekuja wakakaa. Nimesimama mbele yao kama kila siku, nimeinua mikono kuwaonyesha milango ya kutokea dharura ikitokea, miwili mbele, miwili nyuma, na waya umenichoma pale pale. Hakuna aliyekuwa ananitazama. Huwa hawatazami. Nimewaonyesha hata hivyo, milango yote, mpaka mwisho.

Sasa niko nyumbani, jikoni, nimeivua. Naiona hapo kwenye kiti, imekaa imesimama yenyewe kama ina mtu ndani. Najua jibu. Nililijua bafuni. Sikuhitaji Zuhura wala hata wewe kulijua, nilihitaji tu nisilijue peke yangu. Ndiyo maana nakuandikia. Mara ya kwanza ulijua kabla yangu, na nilipokukasirikia hukuondoa mkono. Sasa nimetangulia mimi kujua, na wa kukasirikia sina.

Siwezi kukuahidi kwamba nitapona. Ungenisikia naahidi hivyo ungesema, "Wacha uongo, fungua begi." Ninaahidi kile ninachoweza. Siku yangu ya mapumziko inayokuja nitakwenda hospitali, nitasema yote kabla hawajaniuliza, na nikimaliza nitamwambia Baba Steve, nikiwa nimeshaficha bisibisi. Sare yangu nitaifua niirudishe mwenyewe, sitangoja wamtume mtu.

Halafu nitakuja Luanda Kotieno, kwa barabara. Zuhura nimeshamwomba leo, kabla sijapanda ndege, aje na mimi, nimemwambia nataka akuone ulipo. Amesema ataomba ruhusa. Nikifika getini nitavua viatu tena, mara hii kwa kusudi, na nitainua mikono. Hutaniita, najua. Nitasimama hapo muda wa kutosha mtu kupapaswa, kisha nitavivaa, nitaondoka.

Wewe umekaa chini sasa, Mama Awino. Kaa. Hata wakileta benchi, usisimame.

Oriti, kwaheri.

Wako wa waya,
Nyar Ndege